Umbali mmoja, saa mbili: jinsi ya kukokotoa safari ya ndege kati ya miji miwili iliyo mbali

Mtu akiuliza "ni masaa mangapi kwa ndege mpaka kule?", swali linasikika jepesi, kumbe ndani yake mna maswali matatu. La kwanza ni kilomita ngapi. La pili ni muda gani utakaa kitini. La tatu ni saa ngapi itakuwa huko utakapotua, na siku gani. Majibu mengi yanayozunguka mtandaoni huyachanganya hayo matatu. Ndiyo maana utakuta pahali pamoja pameandikwa masaa 9 na pengine masaa 12 kwa miji ile ile, na ukichunguza unaona kila mmoja yuko sahihi kwa kipimo chake.

Nataka ujue kuikokotoa mwenyewe kwa mkono. Si kwa sababu mashine hazipo, bali kwa sababu ukishaifanya mara moja hutadanganywa tena na namba yoyote. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Tokyo na Los Angeles. Nimeichagua jozi hiyo makusudi. Bahari ya Pasifiki imelala katikati yake, upepo wa huko juu una nguvu, na mstari wa tarehe unapita njiani. Ukiiweza hiyo, nyingine zote ni rahisi. Andaa karatasi, kalamu, na kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos. Cha simu kinatosha. Kwenye simu nyingi vitufe hivyo hujitokeza ukiilaza simu ubavu.

Hatua ya kwanza: amua unataka muda upi

Kuna muda wa angani, yaani tangu magurudumu yanapoachana na lami mpaka yanapoigusa tena. Kuna muda wa ratiba, tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inapoegeshwa upande wa pili, na huu ndio unaoandikwa kwenye tiketi. Kisha kuna safari nzima, mlango wa nyumba hadi mlango wa unakolala.

Kati ya muda wa kwanza na wa pili kuna kama nusu saa, na kwenye viwanja vyenye msongamano inazidi hapo, maana ndege hutambaa ardhini na kupanga foleni kabla ya kuruka. Kati ya wa pili na wa tatu panaweza kuwa na masaa sita au zaidi. Humu nikisema "muda" bila kufafanua, ni muda wa ratiba.

Hatua ya pili: pata namba za miji yote miwili

Kila mahali duniani pana namba mbili: latitudo, yaani umbali wake kutoka ikweta, na longitudo, yaani umbali wake kutoka mstari wa Greenwich. Fungua ramani ya simu, kandamiza kidole mahali unapopataka kwa sekunde moja au mbili, namba hizo zitatokea. Ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo. Desimali moja inatosha, kwani sehemu moja ya kumi ya nyuzi ya latitudo ni kilomita 11 tu.

Tokyo: 35.7 na 139.7. Los Angeles: 34.0 na −118.2.

Angalia sana hiyo alama ya kutoa. Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi, magharibi mwa Greenwich longitudo ni hasi. Kosa hili ndilo linaloharibu hesabu nyingi kuliko mengine yote. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya 33.9 ya Sydney, mji huo wote unahamia majini, mashariki mwa Japani, nawe utapata jibu linaloonekana la kawaida kabisa huku likiwa limekosea kwa maelfu ya kilomita.

Ukitaka usahihi zaidi chukua namba za kiwanja cha ndege badala ya katikati ya mji. Narita, kimoja cha viwanja viwili vikubwa vya Tokyo, kiko kilomita 60 hivi kutoka katikati ya mji. Haneda kiko karibu zaidi. Katika safari ya kilomita elfu nane na kitu, 60 ni kidogo angani. Ardhini, ukiwa na mabegi, ni nyingi.

Hatua ya tatu: umbali

Njia fupi kuliko zote kati ya pointi mbili juu ya tufe ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo likikatwa linaigawa dunia nusu kwa nusu. Urefu wake tunaupata hivi.

Hakikisha kwanza kikokotoo kinasoma nyuzi. Andika sin 30. Ikitoka 0.5, uko salama; ikitoka namba nyingine, tafuta kitufe cha DEG ukibonyeze.

Tafuta tofauti ya longitudo: 139.7 kutoa −118.2 ni 257.9. Imezidi 180, maana yake umezunguka upande mrefu wa dunia. Itoe kwenye 360, ubaki na 102.1. Kikokotoo kingekupa jibu lile lile hata bila kutoa, kwa sababu cos ya 257.9 na cos ya 102.1 ni moja. Hata hivyo toa, kwani baadaye utahitaji kujua ndege inaelekea mashariki au magharibi.

Sasa zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili:
0.5835 × 0.5592 = 0.3263

Kisha cos ya latitudo ya kwanza, mara cos ya latitudo ya pili, mara cos ya tofauti ya longitudo:
0.8121 × 0.8290 × (−0.2096) = −0.1411

Jumlisha hayo mawili, unapata 0.1852. Bonyeza cos⁻¹ ya namba hiyo: nyuzi 79.33. Hiyo ndiyo pembe iliyopo kati ya Tokyo na Los Angeles ukizitazama kutoka kitovu cha dunia.

Kuigeuza pembe kuwa kilomita ni rahisi kwa kutumia kipimo cha marubani na mabaharia. Maili ya baharini ilitokana na mzunguko wa dunia wenyewe: nyuzi moja ina dakika 60, na kila dakika moja ya pembe ni maili moja ya baharini. Mwaka 1929 urefu wake ulikubaliwa kimataifa kuwa mita 1,852 kamili. Kwa hiyo 79.33 mara 60 ni maili 4,760, na ukizidisha kwa 1.852 unapata kilomita 8,815.

Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha, nusu kipenyo chake kikiwa kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Kwa ajili hiyo hesabu yetu inaweza kukosea kama nusu ya asilimia moja, na hapa hiyo ni kilomita arobaini na kitu kwa wingi wake. Ndege yenyewe itakengeuka zaidi ya hapo, basi usijisumbue.

Lipo jambo moja la kukumbuka wakati wote: mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000 hivi, kwa hiyo hakuna miji miwili iliyo mbali zaidi ya 20,000 kwa njia fupi. Hesabu yako ikileta 23,000, umekosea mahali. Rudi uipitie upya.

Kama una tufe la dunia nyumbani, chukua uzi. Bana ncha moja kwenye Tokyo kwa kidole gumba, vuta mpaka Los Angeles, kaza. Utauona uzi ukiteleza wenyewe kwenda kaskazini, karibu na visiwa vya Aleutian, ingawa miji yote miwili iko karibu na latitudo 35. Ukilazimisha uzi ufuate mstari wa 35 ulionyooka kwenye ramani ya ukutani, utahitaji uzi mrefu zaidi. Nimeifanyia hesabu: mstari huo "ulionyooka" una kilomita 9,300 hivi, wakati lile tao linalopanda hadi karibu nyuzi 48 kaskazini lina 8,815. Kilomita 485 ni zaidi ya nusu saa angani. Abiria wengi wakiitazama ramani ya kwenye skrini ya kiti hudhani rubani anazunguka bure, kumbe ramani bapa ndiyo iliyoipinda njia iliyonyooka.

Hatua ya nne: kutoka njia fupi kwenda njia halisi

Ndege haifuati duara kuu kwa uaminifu. Kuna viwanja ambavyo lazima uruke kuelekea upande fulani kwanza, kuna dhoruba za kukwepa, kuna maeneo ya kijeshi. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwa mfano, njia kuu hupangwa upya kila siku kufuata upepo wa siku hiyo, seti moja kwa wanaokwenda magharibi na nyingine kwa wanaokwenda mashariki.

Ndege zenye injini mbili nazo zina sharti lake. Lazima wakati wote ziwe ndani ya muda uliowekwa kutoka kwenye kiwanja cha dharura, ikikadiriwa kwamba injini moja imezimika. Zamani muda huo ulikuwa dakika 60. Mwaka 1985 ndege za kwanza ziliruhusiwa dakika 120, na siku hizi 180 ni jambo la kawaida, wakati baadhi ya ndege kubwa zimevuka 300. Kwenye Pasifiki ya kaskazini sharti hilo halipindishi njia sana, kwa kuwa Alaska na visiwa vyake viko karibu. Kwenye bahari za kusini, karibu na Antaktika, lina uzito.

Kinachobadilisha hesabu kuliko vyote ni anga iliyofungwa. Helsinki na Tokyo zimetengana kwa kilomita 7,800 hivi, na kabla ya Februari 2022 ndege za Finnair, shirika la ndege la Ufini, zilipita juu ya Siberia na kufika kwa masaa tisa na nusu takriban. Anga ya Urusi ilipofungwa kwao, ilibidi wapitie upande wa Ncha ya Kaskazini au wazungukie kusini, na safari ikawa ya masaa 13 hivi. Miji haikusogea hata mita moja. Kwa hiyo ukiona njia fupi inakatiza nchi ambayo anga yake haipitiki, usijaribu kukisia asilimia. Chagua pointi moja au mbili za kuzungukia, kokotoa kila kipande peke yake kwa njia ile ile ya hatua ya tatu, kisha jumlisha.

Pasipokuwa na kizuizi kama hicho, mimi huongeza asilimia 2 ndege inaposukumwa na upepo na asilimia 3 inapoupinga. Kwa mfano wetu: kilomita 9,000 kwenda Los Angeles, 9,100 kurudi Tokyo.

Hatua ya tano: kasi

Ndege za masafa marefu kama Boeing 787 na Airbus A350 husafiri kwa Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti. Kasi ya sauti hushuka hewa inapokuwa baridi. Kwenye kimo cha kilomita 11, ambako kwa kawaida ni kama −56 kwa Selsiasi, sauti huenda kilomita 1,062 kwa saa. Chukua asilimia 85, unapata karibu 900. Ndege ndogo zaidi zenye ujia mmoja, kama Boeing 737 na Airbus A320, huenda karibu Mach 0.78, yaani 830. Ukitaka namba moja ya kushika kwa safari ndefu, shika 890.

Hiyo ni kasi ndani ya hewa. Kasi juu ya ardhi ni jambo lingine, na hapa ndipo safari ya kwenda na ya kurudi zinapoachana.

Hatua ya sita: upepo

Keti kitini katika safari ya kwenda mashariki, katikati ya Pasifiki, usiku, taa zimepunguzwa. Skrini iliyo mbele yako inazungusha takwimu: kimo mita 11,300, nje −58, kasi kilomita 1,040 kwa saa. Ndege haijaongeza mwendo. Inakwenda 890 yake ile ile ndani ya hewa, na hewa yenyewe inakimbia 150 kuelekea huko huko. Mtu anayetembea ndani ya treni hujumlisha hatua zake na mwendo wa treni. Ndege nayo iko hivyo. Katika safari ya kurudi skrini hiyo hiyo inaweza kusoma 780.

Mto huu wa upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye latitudo za kati, kaskazini na kusini mwa ikweta vilevile, na hasa katika kimo kile kile ambacho ndege hupenda. Msimu wa baridi huwa mkali zaidi. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima kwa puto miaka ya 1920, akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, na wanasayansi wengi wa nje hawakuyapata mapema.

Nguvu yake unaiona kwenye rekodi ya Februari 2020. Ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York na kutua London baada ya masaa 4 na dakika 56, ikiwa imebebwa na upepo wa dhoruba. Njia hiyo kwa kawaida huchukua masaa kama 7 kwa ratiba, na kurudi New York ni kama 8. Kusini mambo ni hayo hayo: Johannesburg kwenda Sydney ni karibu masaa 12, Sydney kwenda Johannesburg karibu 14.

Kwa safari ya kaskazini na kusini upepo hupiga ubavuni, basi hauchukui wala hauleti mengi. London na Cape Town, zilizo karibu kilomita 9,700 kwa njia fupi, ni masaa kumi na moja na nusu hivi, iwe kwenda au kurudi. Hata ramani ya saa haibadiliki sana huko, tofauti ikiwa saa moja au mbili kutegemea msimu.

Wengi hudhani kwamba upepo ukikupa muda wakati wa kwenda na kukunyang'anya wakati wa kurudi, mwisho hesabu inalingana. Hailingani. Chukua kilomita 9,000, ndege ya 900, upepo wa 100. Kwenda unatumia masaa 9 kamili. Kurudi ni 9,000 kugawa kwa 800, masaa 11 na robo. Jumla masaa 20 na robo, badala ya 20 ambayo ungetumia hewa ikiwa imetulia. Upepo wa mbele hukushika kwa muda mrefu kuliko ule wa nyuma unavyokusukuma, na ndiyo sababu wanaokwenda magharibi hupanga njia ya kuukwepa hata kama ni ndefu zaidi.

Kwa wastani wa mwaka mzima, kwenye latitudo za kati, mimi hutumia +90 kwenda mashariki na −70 kwenda magharibi. Ile ya magharibi ni ndogo kwa sababu hiyo niliyoitaja: marubani huukwepa.

Hatua ya saba: jumlisha

Kwenda Los Angeles: 9,000 kugawa kwa 980 ni masaa 9.2. Ongeza 0.6 kwa ajili ya kutambaa ardhini, kupaa na kushuka ambako mwendo huwa mdogo. Jumla 9.8, yaani masaa 9 na dakika 50 takriban.

Kurudi Tokyo: 9,100 kugawa kwa 820 ni 11.1. Ongeza 0.6. Jumla 11.7, yaani masaa 11 na dakika 40.

Fungua ratiba ya ndege yoyote ya njia hiyo ulinganishe, hutakuwa mbali. Usisahau kugeuza desimali: 0.8 ya saa ni dakika 48, si dakika 80. Nimeliona kosa hilo mara nyingi mno.

Ukiwa na haraka, gawa kilomita za njia fupi kwa 850 kisha ongeza nusu saa. Jibu ni wastani wa kwenda na kurudi. Singapore na New York, njia ndefu kuliko nyingi zinazorukwa bila kutua, ni kilomita 15,300 na kidogo: 18 na nusu kwa hesabu hii, na ratiba husema zaidi ya masaa 18. Kwa njia za mashariki na magharibi ongeza au punguza kama asilimia 7 kila upande.

Hatua ya nane: saa na siku ya kutua

Hapa ndipo watu hupoteza safari zao, basi tuende polepole.

Usijaribu kutoa saa za mji mmoja kwenye saa za mwingine kichwani. Pitia UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Geuza saa ya kuondoka iwe UTC, ongeza muda wa safari, kisha geuza iwe saa ya mji unaofika. Hatua tatu, kila mara.

Tokyo iko mbele ya UTC kwa masaa 9 mwaka mzima. Los Angeles iko nyuma kwa 8, lakini tangu Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba husogeza saa mbele, ikawa nyuma kwa 7. Tuseme ni Julai. Unaondoka Tokyo Ijumaa 17:00. Hiyo ni 08:00 UTC. Ongeza 9:50, inakuwa 17:50 UTC. Toa 7: ni 10:50 asubuhi Los Angeles, Ijumaa ile ile. Umetua kabla ya saa uliyoondoka. Mtu akitoa tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kutua angepata safari ya masaa hasi sita.

Kurudi: Jumamosi 12:00 Los Angeles ni 19:00 UTC. Ongeza 11:40, inakuwa 06:40 UTC Jumapili. Ongeza 9: 15:40 Jumapili, Tokyo. Tiketi itaandika 15:40 na pembeni yake, kwa herufi ndogo, +1. Alama hiyo ni siku nzima. Nimewahi kumwona kijana kwenye ukumbi wa kupokelea wageni, karatasi ya tiketi ya mama yake mkononi, amekaa tangu asubuhi. Tulipoisoma pamoja tukaiona +1 imebanwa kwenye ukingo wa karatasi. Mama yake wakati huo alikuwa hata hajapanda ndege.

Sasa jambo linalotuhusu sisi tunaosema Kiswahili. Tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi huanzia kukicha. Fanya hesabu yote kwa saa 24, halafu mwishoni toa 6: 17:00 ni saa kumi na moja jioni, 10:50 ni saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Ukipata namba iliyozidi 12 toa 12 tena, kwa mfano 20:00 inakuwa 14, kisha saa mbili usiku. Ukianza kuchanganya saa mbili za aina tofauti katikati ya hesabu, utapotea.

Mtego mkubwa zaidi ni ndege za baada ya usiku wa manane. Tiketi inasema Jumapili 00:20. Kwetu hiyo ni saa sita na dakika ishirini, usiku wa kuamkia Jumapili. Unatakiwa uwe kiwanjani Jumamosi, saa tatu au saa nne za usiku. Mtu akisoma "Jumapili" akalala vizuri, akaamka Jumapili asubuhi kupanga mabegi, ndege yake imekwisha kwenda. Ukiona tarakimu zinaanza na 00, 01 au 02, andika kwa mkono juu ya tiketi: "usiku wa kuamkia…" na siku yenyewe.

Si nchi zote zilizo kwenye saa kamili. India iko mbele kwa 5:30, Nepal kwa 5:45. Na nchi zinazosogeza saa hazisogezi siku moja: Marekani huanza wiki mbili au tatu kabla ya Ulaya, hivyo kwa muda mfupi wa Machi tofauti ya London na New York huwa masaa 4 badala ya 5.

Anayekunywa dawa kwa saa maalumu ahesabu masaa yaliyopita kweli, wala asifuate saa ya ukutani. Katika mfano wa Ijumaa ile, saa ya ukutani inarudi nyuma masaa sita, lakini mwili umepitisha karibu kumi. Muulize daktari wako kabla ya safari jinsi ya kupanga dozi.

Hatua ya tisa: kama lazima ubadilishe ndege

Kokotoa kila mguu peke yake, jumlisha kilomita, kisha linganisha na njia fupi. London na Sydney ni kilomita 17,000 hivi. Kupitia Singapore ni 10,900 na 6,300, jumla 17,200. Hujapoteza chochote cha maana. Kupitia Los Angeles ni 8,800 na 12,050, karibu 20,850. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya masaa manne angani, bila kuhesabu kusubiri. Bei ikiwa nafuu kwa njia ndefu, sasa unajua unalipa kwa nini.

Muda wa kusubiri kati ya ndege mbili mimi sipendi upungue masaa mawili, na kama lazima upite uhamiaji au uchukue mzigo na kuukabidhi upya, masaa matatu au manne. Kama tiketi ni mbili tofauti badala ya moja, ongeza zaidi: mguu wa kwanza ukichelewa, mwenye mguu wa pili hana wajibu wa kukusubiri wala kukuhamishia ndege nyingine.

Hatua ya kumi: jihakiki

Gawa kilomita za njia fupi kwa masaa ya ratiba. Kwa safari ndefu ya moja kwa moja jibu hukaa kati ya 700 na 950. Ikiwa chini ya hapo, aidha kuna kutua njiani, au anga fulani inazungukwa. Ikiwa juu sana, mtu amesahau tofauti ya saa.

Kisha fungua tovuti ya kufuatilia ndege, kama Flightradar24, andika namba ya ndege yako na utazame siku kadhaa zilizopita: iliondoka saa ngapi hasa, ilitua saa ngapi hasa. Usiangalie siku moja, angalia saba. Utaona siku ya upepo mkali ikitofautiana na nyingine kwa nusu saa au zaidi, na hilo litakupa picha ya kweli kuliko namba moja ya ratiba.

Anayekuja kukupokea usimpe saa peke yake. Mpe namba ya ndege, mji unakotoka, na tarehe ya kutua kwa saa za huko alipo yeye, ukiwa umeitamka kwa maneno: "Jumapili, saa kumi kasoro dakika ishirini alasiri."